Kisima cha Lanet Kimepata Joto

Jumatatu, 4 Agosti
Lanet tena, kuchukua sampuli za maji kwa utafiti wetu wa matetemeko. Kisima kiko kwa ploti ya Milcah, ambako dada yangu Safiyo amepanga – ni yeye aliyetuombea ruhusa ya kukipima. Ardhi ikianza kubanana huko chini, maji ya visima hubadilika kabla ya tetemeko. Mara nyingine hubadilika na hakuna kinachofuata.
Leo yametoka vuguvugu. Na baridi yote hii!

Jumatano, 6 Agosti
Maji yana weupe, kama yaliyooshewa mchele. Chumvi juu. Radoni, ile gesi ya kwenye miamba, imepanda vibaya sana. Nikabadilisha mita. Ni vilevile.
Kuku wa Milcah wamezunguka karai, wanayaangalia tu maji. Hawanywi. Milcah anacheka, eti wamezoea soda. Nilijaribu kucheka.

Alhamisi, 7 Agosti
Safiyo anasema mtoto tumboni hushtuka kwanza, halafu ndio vikombe hulia kabatini. Karibu ajifungue, na Musab mumewe yuko safarini na lori. Nikamwambia ni uchovu. Nikakaa naye jikoni.
Akashika tumbo ghafla. "Sasa," akasema.
Nikategea sikio. Halafu vikombe – polepole, kama mtu anavigusa na kucha.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimempigia bosi, Daktari Lewis. Anasema kisima kimoja si ushahidi, vile vingine vyote vimetulia. Akanikumbusha mwaka juzi: tulionya watu, wakalala nje kwa baridi, mzee mmoja akafa na nimonia. Ardhi haikutikisika hata kidogo! "Najwa, usiseme kitu mpaka tuwe na hakika."
Ni kweli. Hapo ndipo pabaya.
Nikarudi kisimani, nikafunua kifuniko. Pampu imezimwa. Lakini maji yalikuwa yanapanda, yanashuka, yanapanda – taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Hewa ya moto ikanipiga usoni. Nikafunika haraka, nikaangalia nyuma. Sijui nilidhani nani yuko pale.

Jumapili, 10 Agosti
Nimeshindwa kuvumilia. Nimemwambia Safiyo, yeye peke yake: hamia kwa mama kwanza.
"Na hawa wengine?"
Nikajifanya natafuta funguo.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimekodi pikapu. Tumepakia godoro, jiko, beseni la mtoto. Safiyo hajui kudanganya – Milcah alipomuuliza anahamia wapi na tumbo hilo, alilia tu.
Dereva anafunga kamba. Niko ndani ya gari, naandika tukingoja. Wapangaji wametoka, wamesimama milangoni. Redio zote zimezimwa. Wananiangalia mimi, si mizigo.
Milcah amekuja dirishani kwangu. Hapigi kelele. Afadhali angepiga!
"Wewe ndiye unapima haya maji, Najwa. Mbona unamtoa dada yako?"
Nimemwambia sina hakika. Nimemwambia kuhusu yule mzee wa nimonia. Amesikiliza yote, mkono wake umeshika mlango wa gari, hauachii.
"Sijakuuliza hakika. Watoto wangu wako ndani wanakula. Niwatoe, ama niwaache wamalize?"
Dereva amewasha injini. Ananiuliza, madam, twende?
Milcah bado ameshika mlango –