Swila wa Shimo la Saba

Kiwengwa, Unguja

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Namwomba Mungu barua hii ikukute umeamka bila maumivu ya goti, na mwanangu Rukia awe shuleni, si kitandani, maana mara ya mwisho tulipozungumza nilimsikia akikohoa nyuma yako. Kikohozi kimekwisha? Na paa la jikoni, kaka Bakari amelitengeneza au bado anasema kesho? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nafanya kazi. Bi Mize, mwenye nyumba wangu, bado ananiwekea chakula kila akirudi kutoka kwenye mwani wake, ingawa siku hizi mwani haumei vizuri na analalamika sana.

Haya ninayokuandikia sikutaka kuyasema kwa simu. Simu yako unaiwekea sauti ya juu, nyumba nzima inasikia, na mimi nataka uyajue wewe kwanza, tena yote. Bakari aliniambia kuwa huko nyumbani Kivinje imefika habari kwamba nimemtia mtu upofu kazini. Aliyeileta simjui. Nitakueleza ilivyokuwa, nawe utapima mwenyewe.

Kazi yangu unaijua nusu. Ulidhani nafanya usafi hotelini, na mwanzo ilikuwa hivyo. Mwaka wa pili nikahamishiwa kwenye uwanja wao wa gofu, kubeba mikoba ya fimbo za wachezaji. Mchezo wenyewe ni kupiga kijipira kidogo kwa fimbo hadi kiingie kwenye shimo, kisha unakwenda shimo jingine, na mashimo ni tisa, kila moja na kiwanja chake. Wanatuita makedi. Kedi hubeba mkoba, huangalia mpira umeangukia wapi, na humwambia mchezaji upepo unavyovuma. Wanawake tuko wawili tu.

Uwanja umepakana na msitu wa maweni, vichaka vimeota juu ya mawe yenye mashimo, na wanyama hawajui mpaka uko wapi. Asubuhi tukifika huwakuta paa wanakula nyasi zetu, wadogo kama mbuzi wa miezi miwili, na wakikusikia huingia kichakani bila kishindo. Kima punju nao hushuka kwa makundi. Mmoja aliwahi kuuchukua mpira wa mgeni, akapanda nao mtini, akaunusa, akautupa upande wa pili wa uwanja, karibu kabisa na shimo. Mgeni akadai uhesabiwe hapo ulipoangukia. Walibishana mpaka jua likawa kali. Mambo ya namna hiyo tumeyazoea, hatuyaongelei tena.

Sasa kuna bibi mmoja, Bi Zuhra. Amezaliwa Mji Mkongwe, akaolewa Maskati, akakaa huko zaidi ya miaka thelathini. Mumewe alipofariki akarudi kwenye nyumba ya baba yake. Gofu alifundishwa na mumewe, na kila Jumanne huletwa na gari yake kuja kucheza. Huvaa baibui na viatu vya michezo, na mtandio ameufunga nyuma ya shingo usimzuie mkono. Wageni humpiga picha kwa siri. Yeye hajali. Alinichagua mimi nimbebee mkoba wake kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, sizungumzi mtu anapopiga mpira. Tumekwenda hivyo mwaka mzima na zaidi. Alikuwa akiniuliza habari zako na za Rukia, na siku moja alimletea daftari na kalamu za rangi, zile ulizoniuliza nani kazituma.

Msimamizi wetu ni Mzee Makame, Mtumbatu, mtu wa maneno machache. Kanuni yake kubwa ni moja: ukiona nyoka, hata mkia, unamwambia yeye, naye hulifunga shimo hilo mpaka waje watu wa kumkamata.

Mwezi wa mvua za vuli niliona kitu cheusi kirefu kwenye majani karibu na shimo la pili. Nikaenda mbio kumwambia. Akasimamisha mchezo uwanja mzima nusu siku. Wageni wakanuna, meneja akashuka mwenyewe. Waliokuja kukamata wakatoa kenge, tena kenge mdogo, kalala tu analiota jua. Tangu siku hiyo makedi wenzangu wakaniita Bi Kenge. Nikipita wanainama kama wanatambaa. Unanijua, mama, kudharauliwa mbele za watu siwezi. Nilicheka nao, lakini moyoni iliniuma.

Wiki tatu baadaye, siku ya Jumapili, nilikuwa nakusanya mipira iliyopotea karibu na shimo la saba. Nikaona nyoka anaingia kwenye tundu la jiwe. Niliona nusu yake tu, rangi ya udongo, mnene kama mpini wa jembe. Nikasimama pale kwa muda. Nikajiambia huenda ni kenge tena, ingawa nilijua kenge haingii vile. Nikajiambia keshaondoka. Nikarudi na mipira yangu na sikumwambia mtu.

Jumanne Bi Zuhra akaja. Tulipofika shimo la saba akaupiga mpira ukaenda kulia, ukaingia ukingoni mwa kichaka, pale pale. Nilimwambia tuuache, nimpe mwengine. Akasema mpira ule ni wa marehemu mumewe, una alama yake, hawezi kuuacha. Nikasema basi nitaingia mimi. Akasema, "Wewe huijui alama," na akatangulia. Mama, hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nilichokisema ni, "Angalia miguu yako, Bi Zuhra."

Akainama kuyafungua majani kwa fimbo. Swila akanyanyuka, shingo imetanuka, mbali naye kama kutoka mlangoni hadi kitandani kwako. Swila hana haja ya kukuuma, hutema sumu, na hulenga macho. Nilisikia sauti kama ya mtu anayetema kokwa. Bi Zuhra hakupiga kelele. Alisema, "Somoe, macho yangu," akachukua ncha ya mtandio akaanza kujisugua.

Nilimvuta nyuma, nikamshika mikono asisugue, nikamlaza kwenye nyasi. Mzee Makame alitufundisha maji, maji tu, mengi. Nikamimina chupa ya Bi Zuhra, nikamimina yangu, kisha nikaukimbilia mpira wa kumwagilia nyasi, nikaufungua, nikamshikilia kichwa maji yakapita machoni mpaka Makame akaja na gari na dereva. Njiani mpaka hospitali ya mjini Makame ndiye aliyeendelea kumimina. Mimi nilimshika mkono Bi Zuhra. Mara mbili aliniuliza kama mpira tumeuchukua.

Jicho la kulia likapona. La kushoto alishalisugua kabla sijamzuia, likabaki na ukungu. Anaona nalo mwanga na kivuli tu.

Mwanawe Nassor alikuja siku ya pili yake. Ni kijana mwenye adabu, lakini alikuwa amekasirika, na sikumlaumu. Alimwambia meneja kuwa kedi ndiye macho ya mchezaji, na kedi wa mama yake alimwongoza kwenye nyoka. Nikasimamishwa kazi, nikatakiwa niandike maelezo. Nikaandika kuwa nilimkataza, hakusikia, nikamwosha macho. Kila neno nililoliandika lilikuwa kweli. Habari ya Jumapili sikuitia. Bi Zuhra, akiwa bado amefungwa kitambaa, akatuma ujumbe kwamba aliingia kwa hiari yake na kwamba kama si mimi angepofuka yote mawili. Baada ya wiki mbili nikarudishwa kazini. Makedi wenzangu wakanipokea vizuri. Hakuna aliyeniita Bi Kenge tena. Meneja alinishika mkono mbele yao, akasema nimefanya kazi nzuri.

Nilivumilia siku nne. Siku ya tano nikaomba ruhusa, nikaenda mjini. Nilimkuta ghorofani kwake, kakaa dirishani, kavaa miwani nyeusi. Alifurahi, akaagiza kahawa. Nikamwambia kabla kahawa haijaja. Nilimweleza Jumapili, tundu la jiwe, kenge, na kucheka kwa wenzangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

Akauliza, "Ulimwona kwa macho yako?"

"Nilimwona."

"Na ulipokuwa umesimama nyuma yangu, ulikumbuka?"

"Nilikumbuka."

Kahawa ikaletwa, ikawekwa, hakuna aliyeigusa. Kisha akaniuliza, "Umekuja nikusamehe, au umekuja nijue?"

Nikamwambia nimekuja ajue.

"Basi nshajua," akasema. "Nenda, usije ukakosa gari."

Niliteremka ngazi zile za giza nimeshika ukuta. Nilitembea mpaka Michenzani kwa miguu, na kutoka hapo hadi Jang'ombe kwa binamu Mwatima, kwa sababu sikutaka kukaa karibu na watu garini. Sikulia. Nilikuwa natembea tu.

Kesho yake nikamwambia Mzee Makame. Nilidhani atanipeleka kwa meneja na nitafukuzwa. Aliniangalia, akauliza Bi Zuhra anajua? Nikasema anajua. Akasema kubeba mkoba kwangu basi, tangu siku hiyo nitafyeka. Kwa hiyo miezi mitatu hii nimekuwa nikifyeka kando ya vichaka na kusafisha mawe, na kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa shimo la saba. Swila yule walikwisha kumtoa. Wenzangu wanajua sababu, maana Makame hakuficha. Wawili hawanisalimu. Mmoja aliniambia ningemwua mama wa watu kwa ajili ya mzaha wao.

Bi Zuhra sikutarajia kumwona tena. Wiki mbili zilizopita, siku ya Jumanne, nilikuwa nimeinama na panga langu nikasikia naitwa. Alikuwa amesimama na Makame, miwani nyeusi, viatu vyake vya michezo. Makame alimwambia kuwa mimi sibebi tena mikoba, yuko kijana mzuri atakayemfaa. Akajibu kwa upole, "Huyo mzuri mpe mtu mwengine. Mimi nataka yule anayefyeka."

Nikanawa mikono nikauchukua mkoba. Hatukuzungumza jambo lolote mpaka shimo la tatu, isipokuwa nilimwambia mpira umekwenda wapi, kwa sababu sasa umbali unampiga chenga, na mpira ukienda kushoto hauoni. Anapiga, anatulia, ananigeuzia uso. Mimi nasema: hatua thelathini mbele, kushoto kwa mnazi mfupi. Anakwenda moja kwa moja, hanitilii shaka, na hilo lilinielemea kuliko mkoba.

Shimo la saba akaupiga ukaenda kulia, kichakani. Sijui kama alikusudia. Tulifika ukingoni tukasimama. Nyasi nilikuwa nimezifyeka mimi, mawe yanaonekana mpaka ndani, na mpira ulikuwa hatua nne tu kutoka tulipo.

Akauliza, "Kuna nini huko?"

Niliangalia kwa muda mrefu, jiwe kwa jiwe. Nikamwambia, "Sijaona kitu. Lakini kuna matundu mawili ambayo ndani yake sioni."

"Basi nipe mpira mwengine," akasema, akaninyooshea kiganja.

Msamaha hakuutaja, nami sikuuliza. Jumanne iliyofuata alikuja tena. Na jana pia. Makame sasa ananiacha Jumanne nibebe mkoba, na siku nyingine nafyeka, na naona ni haki.

Hayo ndiyo yaliyotokea, mama. Likizo nimeomba mwezi wa mfungo, nikipewa nitafunga kumi la mwisho pamoja nanyi. Rukia umwambie kuhusu kima aliyetupa mpira, hayo mengine nitamweleza mimi akikua. Nisalimie kaka Bakari na mkewe, shangazi Asha wa nyumba ya nyuma, na mwalimu wake Rukia anayemvumilia. Bi Mize anakusalimu, anasema ukija atakupikia pweza. Mguu wako usiukalie, na dawa unywe baada ya kula.

Nakubusu mikono yote miwili.

Binti yako,
Somoe