Uliyebaki na Radiamu Wakati Sisi Tukihamia Nyansiongo

Baba Kemunto, mume wangu,

Leo nimemaliza kukamua mapema, nimeketi jikoni na miguu imevimba kama kawaida yake siku hizi. Sikuandikii kwa Ekegusii, lugha yetu tuliyoizoea. Nakuandikia kwa Kiswahili ili na wengine waisome barua hii, maana wengi walikuuliza ulikuwa unafanya nini mjini miaka yote ile, nawe ukawajibu kwa kutabasamu tu. Sasa wananiuliza mimi. Nimechoka kukujibia mmoja mmoja.

Tulipooana ulikuwa karani wa stoo katika maabara ya udongo, nje ya mji wa Kisii. Mtaalamu wa Kizungu alikuwa na kifaa cha kupima maji yaliyomo ardhini, na ndani ya kifaa hicho mlikuwa na radiamu kidogo. Ulinieleza huku umeshika punje ya mahindi.

"Ni ndogo hivi," ulisema. "Lakini ina mionzi inayopenya mwilini. Inamwunguza mtu polepole, naye hasikii hata joto. Na haipoi. Wajukuu wa wajukuu zetu wataikuta vilevile."

Ndiyo maana iliwekwa ndani ya chombo kizito cha madini ya risasi, na ndiyo maana ilikuwa na daftari lake peke yake. Kila Jumatatu ulipima mionzi nje ya chombo, ukakagua kufuli, ukaandika, ukatia saini. Nilikuona mtu mkubwa. Shati lako la Jumatatu nilikuwa nalipiga pasi kwa uangalifu kuliko la Sabato, na mama yako akanigombeza kwa hilo.

Uhuru ulipokuja, mtaalamu alirudi kwao. Kifaa kilikuwa kimeharibika, kwa hiyo akaitoa radiamu akaiacha ndani ya chombo chake, akaandika kwamba amekukabidhi wewe. Alisema watu wa Nairobi watakuja kuichukua. Hawakuja. Uliandika barua, ukaandika tena. Hakuna aliyejibu.

Halafu tukapata shamba hapa Nyansiongo, katika ardhi waliyoiacha masetla wa Kizungu. Unakumbuka tulivyofurahi? Ulisema utaacha kazi, tufuge ng'ombe, tupande chai. Ulikwenda kwa mkuu mpya wa maabara ukiwa na daftari mkononi ili ufanye makabidhiano uondoke.

"Mimi nimesomea mbegu," alikwambia. "Sitii saini kitu nisichokijua."

Ukaenda hospitali. Nao wakasema hawana mahali pa kuiweka. Ukarudi nyumbani, na usiku ule hukula.

"Tangulieni," uliniambia. "Mwezi mmoja, labda miwili, nitakuwa nimempata wa kuipokea."

Nikapanda lori na Kemunto, godoro, sufuria na kuku wawili. Mwezi ukawa mwaka, na mwaka ukazaa mingine. Nilijifunza kukamua, kufunga ua, kumzuia jirani asisogeze mpaka kwa kuwa aliona boma halina mwanamume. Ulikuja mara chache, Ijumaa jioni, ukaondoka Jumapili ili Jumatatu ikukute kwenye stoo. Shati ukajipigia pasi mwenyewe.

Siku moja nilikuuliza, "Wewe ni mume wa nani, wangu au wa kile chombo?"

Ukasema, "Nikiondoka bila mtu wa kuipokea, hakuna atakayeandika. Pasipoandikwa, watasahau. Wakisahau, kitakuwa chuma tu."

Nilijua unasema kweli, na kweli hiyo ilinichosha kuliko kulima.

Momanyi alipozaliwa nilikutumia habari kwamba safari hii lazima uje, na ukae. Ulichukua likizo. Zilikuwa siku njema. Ulichanja kuni, ulimbeba mtoto ukizunguka naye kwenye majani ya ng'ombe, ukamwonyesha kila mche wa chai kana kwamba uliupanda wewe mwenyewe. Likizo ilipokwisha tulisafiri pamoja, nikimpeleka mtoto akaonwe na mama yako, na tukapitia maabara kwanza.

Stoo ilikuwa imefagiliwa. Haikubaki hata rafu. Mkuu alikuwa ameamuru vyuma vikuukuu vyote viuzwe ili nafasi ipakwe rangi. Daftari walikuwa wamekuwekea vizuri juu ya meza.

Nilikuona ukishika ukuta. Sijawahi kukuona hivyo, si kabla wala baada.

"Vimenunuliwa na nani?" uliuliza.

"Mhunzi mmoja wa Kebirigo," mlinzi alijibu.

Tulifika Kebirigo siku ileile jua likiwa kali. Uliniambia nisimame na mtoto ng'ambo ya barabara, nisikaribie kwa vyovyote. Lakini nilisikia yote. Chombo kilikuwa mbele ya kibanda cha mhunzi, kufuli bado lipo, na mama mmoja aliyengoja jembe lake alikuwa amekikalia.

"Mama, tafadhali simama," ulimwambia. "Kaa kule kivulini."

Akasimama akikushangaa. Ukamweleza mhunzi kilichomo ndani, kwa upole, kama ulivyonieleza mimi kwa punje ya mahindi. Mhunzi alicheka.

"Ndugu yangu, hiki niliuziwa na watu wa serikali wenyewe. Kesho nakiyeyusha. Watu wa ziwani wanataka risasi ya kufungia nyavu zizame."

"Ukikifungua, wewe na watoto wako mtaugua, na hamtajua kimewapata nini."

"Basi mbona wamekiuza?"

Ulikaa chini, hatua kadhaa kutoka kwenye chombo, ukiwa na shati lako jeupe, ukasema, "Sitaondoka." Watu wakajaa. Wengine walisema umerogwa, wengine kwamba umelewa, wewe ambaye hata chang'aa hujawahi kuionja. Niliona haya. Nilitamani kuvuka nikuinue, lakini mtoto alikuwa mgongoni na ulikuwa umenikataza.

Mkewe mhunzi ndiye aliyetoka ndani, mikono ina unga. Alikutazama, akanitazama mimi ng'ambo, akamwambia mumewe, "Mpe. Mtu hawezi kumwacha mtoto mchanga juani kwa ajili ya chuma. Kuna kitu anakijua."

Mhunzi akatupa nyundo chini, akaingia kibandani. Hivyo ndivyo ulivyokipata.

Kwa kuwa polisi waliitwa kukilinda, habari ilifika Nairobi, na waliokaa kimya miaka yote wakaja ndani ya wiki ile. Kijana mmoja aliyevaa glavu alipima, akasoma daftari lako ukurasa kwa ukurasa, akatia saini ya kupokea. Ulinisimulia kwamba baada ya gari lao kuondoka ulikaa kwenye ngazi za maabara hukujua mikono yako uiweke wapi.

Ulingoja zaidi ya mwaka mpaka wakakuruhusu kuacha kazi, kisha ukaja nyumbani. Momanyi alikuwa ameanza kutembea, na alipokuona unalala kwetu usiku wa tatu alimwuliza dada yake kwa maneno yake mabovu mgeni ataenda lini. Ulicheka. Mimi nilitoka nje nikalia kidogo nyuma ya zizi.

Tulipata miaka michache, Baba Kemunto, kisha ukatutoka. Daktari alisema ni moyo. Watu hupenda kuniuliza kama ni ile radiamu, na mimi huwaambia sijui, kwa sababu kweli sijui. Hasira zimeniisha. Kilichobaki ni uchovu, na kukutamani wakati wa jioni, chai ikiiva.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Kemunto amemaliza shule. Amepata nafasi katika maabara ya hospitali Nairobi, na wamemwambia atafunzwa kutunza hesabu ya dawa zenye mionzi. Aliniambia Sabato, baada ya kanisa, akiangalia chini. Aliogopa nitakataa. Nilikaa siku tatu bila kumjibu.

Leo asubuhi nimemjibu, tukiwa tunakamua.

"Nenda," nilimwambia. "Lakini siku watakapokuletea kitu cha kutia saini, kabla hujaandika jina lako, waulize ni nani atakayekipokea kutoka kwako. Wakikosa jibu, weka kalamu chini, urudi nyumbani."

Ameondoka na basi la mchana. Nimemsindikiza mpaka barabarani.

Pumzika, mume wangu. Ng'ombe wameingia zizini, nami naenda kulala.

Mkeo,
Mama Kemunto