Sare ya Shule Haipandi Mlima

Mama yangu mpendwa,

Hujambo? Goti lako linaendeleaje na mvua hii ya Sirisia? Natumaini umeacha kubeba mtumba kichwani kutoka stendi, ingawa najua ukisomewa hapa utacheka tu. Na mwanangu Brayo, bado analia akipelekwa shule ya nasari? Mwambie mama yake ni mzima.

Mwili ni mzima, lakini moyo hautulii, na ndiyo sababu nakuandikia. Simu yangu hukaa kwa Madam, huyu mwajiri wangu wa huku ng'ambo. Barua hii ataileta Nafula, yule msichana wa Lugulu anayefanya kazi nyumba ya jirani. Mkataba wake umeisha na anarudi nyumbani leo.

Wiki iliyopita Madam aliniambia nipakie nguo. Yeye na binti yake Amal, wa miaka sita, wanaenda Uturuki siku kumi: siku nne mjini kutazama majumba ya kale na masoko, kisha milimani kuona maziwa na misitu. Bwana, mumewe, anabaki na kazi yake, nami nabaki kumpikia. Nilifurahi, Mama, utadhani ninayeenda ni mimi. Za mjini nikaziweka juu: magauni mepesi, mitandio, viatu vya kutembelea. Za milimani zikakaa chini: makoti, soksi za sufu, buti za mvua, maana nasikia baridi ya huko ni kama ya Kachibora mwezi wa saba. Nilizikunja kwa kuzizungusha vile ulinifunza, masanduku matatu yakatosha.

Halafu Madam akaanza kuleta vitu vingine. Sare ya shule ya Amal. Magauni ya mtoto wa miaka minane, makubwa kwa Amal. Kadi ya kliniki. Shali aliyofunikwa mtoto siku aliyozaliwa. Wewe umefungua mitumba miaka ishirini, Mama, na unajua nguo humsema mwenyewe. Ni nani hupanda mlima na sare ya shule? Nilipomuuliza alisema, "Weka tu, Rose." Alipoinua mkono kufikia rafu ya juu, nikaona alama za vidole, nyeusi, juu ya kiwiko. Ndipo nikaelewa kwa nini alichagua blauzi za mikono mirefu tu.

Nilimweleza Nafula, akashika kichwa. "Ati kadi ya kliniki? Rose, huyo haendi kutembea, huyo anahama! Na si ni wewe utaulizwa? Ambia Bwana mapema, bana, ujiokoe."

Pasipoti yangu imefungiwa kabatini mwa Bwana na ufunguo hutembea naye. Mtu huyo aliwahi kuvunja mlango kwa sababu chai ilipoa. Naogopa, Mama, sitakuficha.

Juzi akiwa mezani aliniuliza bila kuniangalia, "Masanduku ni mangapi?" Nikasema matatu. Yalikuwa matano. Yale mawili ya ziada Madam aliyasukuma chini ya kitanda changu, akaniomba kwa macho tu. Kwa hiyo uongo huu sasa ni wangu pia. Ningesema ukweli ningepona, lakini wakigombana Amal hukimbilia kwangu, analala akinishika sikio jinsi Brayo alivyokuwa akifanya. Nilishindwa kumuuza. Wanaondoka kesho asubuhi, na Bwana atakapokuja kuuliza wako wapi, mlango nitaufungua mimi.

Madam ameahidi kuniachia simu yangu akiondoka. Ikipita Jumapili hujanisikia, mtafute Nafula kwao Lugulu, anaijua nyumba hii. Kisha mwambie kaka Wafula aende Kitale kwa yule wakala aliyenileta, na asikubali kuambiwa arudi kesho.

Nisalimie shangazi anayeuza mboga sokoni, na mke wa kaka, najua amejifungua. Msalimie pia pasta aliyeniombea siku ya safari. Mwambie aniombee tena, na safari hii asifupishe. Brayo mbusu kwa niaba yangu.

Ni mimi bintiyo nikupendaye,
Rose

Mama, nimeongeza haya nikiwa jikoni, Nafula yuko mlango wa nyuma anangoja barua. Bwana amerudi na saa zake hazijafika. Miaka miwili hii huniita "wewe" tu. Sasa anaita jina langu, na sauti inatoka chumbani kwangu.