Unga Usiotaka Unyevu

Ujerumani, 9 Machi 2025

Mama, shikamoo. Goti limepoa? Mimi mzima, ni baridi tu.

Uliuliza kazi yangu hasa ni ipi. Natafuta njia ya kupunguza gharama za kutengeneza unga unaowekwa kwenye betri za magari badala ya ule umajimaji unaoshika moto. Ukipata unyevu, unga huu hutoa gesi yenye sumu, na kukausha hewa ya kiwandani ndiko kunakokula fedha. Nimeonyesha kwamba ukaushaji unaweza kupunguzwa na unga usiharibike. Gesi inatoka, ila kidogo sana. Bosi amenisifu mbele ya wote.

Mwanao, Agatha

Mamba, 30 Machi 2025

Marahaba mwanangu. Goti linasumbua nikipanda shambani, lakini tangawizi nimevuna. Nimefurahi ulivyosifiwa. Ila hiyo gesi kidogo, anaivuta nani?

Mama yako

Ujerumani, 17 Julai 2025

Shikamoo Mama. Nisamehe kwa kimya.

Anaivuta Yahaya, kijana wa Korogwe anayesaga unga, Mtanzania mwenzangu pekee hapa. Wiki iliyopita, ukaushaji ukiwa umeshapunguzwa, mfuko wa unga ulipasuka. Alisikia harufu ya mayai viza, kisha ikapotea, akadhani imeisha, akaendelea kufagia. Kumbe gesi hiyo ikizidi, pua hufa ganzi. Alianguka. Yuko hospitali, mapafu yameumia.

Kiwanda kimeandika kwamba kosa ni lake, hakuvaa barakoa. Wanataka nisaini kama mtaalamu. Nikikataa, kazi inakwenda, na kibali cha kuishi huku pia. Nifanyeje?

Mwanao, Agatha

Mamba, 2 Agosti 2025

Marahaba Agatha. Kwanza nilikuandikia usaini, maana nilivyohangaika kukusomesha unajua. Nikaichana barua ile. Huyo kijana ana mama huko Korogwe. Ameambiwa nini? Nenda ukamwone mwanawe.

Mama yako

Ujerumani, 28 Agosti 2025

Shikamoo Mama. Sikusaini. Nimeandika ripoti yangu: wasaga unga hawakupewa barakoa, kwa sababu vipimo vyangu vilionyesha hazihitajiki. Ukaushaji umerudishwa kama zamani. Mimi nimeachishwa, natua uwanja wa ndege wa KIA tarehe nne Septemba.

Nilimpelekea Yahaya nakala. Aliisoma polepole, mpira wa oksijeni ukiwa puani.

“Dada Agatha, kwa hiyo ulijua inatoa gesi?”

“Nilijua. Nilidhani ni kidogo.”

“Na siku zile tukila pamoja kantini, ulikuwa unajua?”

“Ndiyo.”

Akanirudishia karatasi, akaniomba nimwitie nesi.

Mwanao, Agatha