Vichwa Viwili vya Mashine ya Baba

Nakivale, Jumapili baada ya misa

Dada yangu Riziki,

Nakusalimu wewe na shangazi aliyekulea. Magoti yake yanaendeleaje na hii baridi ya asubuhi? Muhogo umekubali mwaka huu? Mimi mwili ni mzima, ila tangu tumzike baba chakula hakipiti vizuri. Najua umechoka kungoja jibu. Umeniuliza katika barua tatu: sauti ya mama iko wapi, na kwa nini situmi. Nimekuwa mwoga, dada. Leo naandika yote.

Mashine ya Padri unaijua kwa kusimuliwa tu. Padri mzee alimwachia baba zamani, baba akiwa kijana wa kupiga kengele kanisani, na hata wakati huo ilikuwa kitu cha kale. Unaitia ufunguo kwa mkono, inazungusha silinda ya nta yenye ukubwa wa glasi ya chai, na sauti imechorwa juu ya ile nta kwa mistari myembamba sana. Silinda iliyotubakia ni moja: mama akiniimbia nilale, kabla wewe hujazaliwa. Alipofariki juma lile lile la kukuzaa, baba aliifunga ndani ya kitenge cha mama. Siku ya kukimbia aliacha godoro, akaacha mbuzi, akabeba mashine. Nilimcheka njiani. Mungu anisamehe.

Ilifika hapa kambini springi imekatika na mkanda umeoza, ikakaa miaka chini ya kitanda. Kisha nikapata kazi Mbarara kwa Mzee Haruna, Mwislamu mmoja mpole anayetengeneza redio na gramafoni za sahani za muziki. Kila siku nikimaliza kazi yake, nilishika ya baba. Ncha ya springi niliipasha moto, nikatoboa tundu jipya. Mkanda niliukata kwenye ngozi ya mbuzi niliyopewa na mchinjaji wa Kakiika. Raba nilizitoa kwenye tyubu ya baiskeli, na kile kigamba chembamba kinachotikisika na sauti nilikibandua ndani ya pasi ya umeme iliyoungua. Mzee Haruna alikuwa akinitazama na kutikisa kichwa. "Wewe Mukongo, hii kazi unafanya na roho," aliniambia.

Sasa sikiliza kosa langu. Ndani ya sanduku la mashine mlikuwa na vichwa viwili vya duara, vinafanana, kila kimoja na kijiwe kidogo chini yake. Kijiwe kimoja butu, kingine kikali. Kwa Mzee Haruna sindano butu inatupwa, maana inaharibu sahani. Sikujiuliza mara mbili. Nilifunga kile kikali, na nilijiona fundi kweli.

Ningeijaribu kwanza pale sokoni, kibandani kwa Mzee Haruna, lakini baba alikataa katakata. Nta inalika kila ikichezwa. Halafu akasema, "Mama yenu hatasikiwa kwanza na batu ba ku soko."

Basi nikaileta Nakivale kwa boda, nimeipakata njia nzima. Baba alikuwa amevaa koti la Pasaka. Majirani walikaa mkekani. Nikatia ufunguo, silinda ikaanza kuzunguka, na baba akainamia tarumbeta ya mashine, pale sauti inapotokea. Desturi yetu unaijua: humsikilizi marehemu kabla hujamsalimu na kumwambia nani yupo. Alimsalimu, akainua mkono tunyamaze. Tukangoja. Ulitoka mkwaruzo tu mpaka silinda ikaisha.

Juu ya meza niliona nyuzi za kahawia, laini mno. Nikazipuliza nikidhani ni vumbi. Baba akaokota moja, akaisugua kati ya vidole. "Hii ni nta," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa, Riziki. Kichwa butu ni cha kusikiliza. Kile kikali ni cha kuandika sauti mpya, na kinaandika kwa kukata. Nilibadilisha kichwa, nikarudisha mwanzo. Ikatoka sauti ya baba. Ya mama haikuwamo hata kidogo. Nimemuua mara ya pili, na kwa mikono ile ile niliyokuwa najivunia.

Nilianguka miguuni pa baba. Alikunja kitenge polepole, akakikunjua, akakikunja tena. "Simama, Amani. Ni miye nilisema juu ya sauti yake, si weye." Hakuitaja tena ile siku. Alipougua kifua, siku chache kabla hajatutoka, aliniambia, "Umuandikie Riziki. Usimudanganye." Na mimi nikanyamaza hadi leo.

Anayekuletea barua hii ni mke wa katekista wetu, anakuja huko kuzika ndugu yake. Anayo pia kaseti moja. Nimecheza silinda mara moja tu, redio ya kunasa sauti nikiwa nimeishika mdomoni mwa tarumbeta. Msalimie shemeji, na binamu yetu mshona nguo, na yule mama jirani aliyekunyonyesha. Mwambie bado namwombea. Ukinikasirikia una haki, ila nijibu hata kwa neno moja.

Ukiweka kaseti utasikia mkwaruzo, kisha baba anasema hivi: "Mama Amani, jambo. Ni miye. Tulifika mbali, lakini tuko. Riziki hayuko hapa, alibakia kwetu. Hajakusikia ata siku moya. Umuimbie na yeye."

Baada ya hapo hakuna neno tena, lakini usizime. Kimya chote kile kirefu ni baba anamngoja aanze.

Kaka yako,
Amani