Kifaa cha Tatu

Mpendwa Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Hujambo wewe? Mama naye hajambo, na lile goti limempa nafuu? Mpe shikamoo yangu sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua, ukishaanza jambo husahau la pembeni. Na mapacha, wameacha kung'atana? Sisi huku tu wazima wa mwili. Ya moyo utayasoma mbele.

Najua umeshangaa kuona bahasha. Tangu tuachane pale bwenini sijakuandikia kwa kalamu hata mara moja. Lakini kwenye simu wewe hunishinda kwa maneno, na mimi nikishindwa hunyamaza, na mara hii sitaki kunyamaza. Na ile njia yetu nyingine ya kuandikiana imefungwa. Nimeifunga mimi. Tulia nikueleze.

Kazini niko palepale, karakana ya meno ya bandia, ghorofa ya chini nyuma ya zahanati. Asubuhi nachanganya plasta, mchana nachonga nta, jioni nang'arisha meno ya watu ambao sitawaona wakicheka. Ni kazi ya kimya, nami unanijua, nilizaliwa na mdomo mzito. Ndiyo maana siku uliponitumia kile kibao cha kusomea vitabu nilikushukuru kuliko ulivyojua. Nilikiona chepesi kama kioo cha mkononi, nikacheka kwamba duka zima la vitabu limeingia ndani ya mkoba wa chakula. Ukanipa neno la siri la akaunti yako, ukaniandikisha humo kwa jina lile la shule, Nukta, kwa ajili ya ufupi wangu, nawe ukajiandikisha Mkurugenzi, kwa ajili ya kutupanga sote kama viti. Ukaweka sheria. Kitabu kimoja unanunua wewe, kinachofuata nanunua mimi, na hakuna kumruka mwenzio sura. Ukipenda mstari, upigie mstari. Ukiwa na neno, liandike pembeni, mwenzio ataliona.

Mimi nilianza na neno mojamoja. Baadaye, sijui ilikuwaje, mdomo ukafunguka kupitia vidole. Unakumbuka yule mke kwenye riwaya ya mpigapicha, aliyekuwa akila amempa mumewe mgongo? Niliandika pembeni: huyu ni mimi. Ukaniuliza kwa nini, nami nikakuandikia mambo ambayo hata mama yangu mzazi hakuwahi kuyasikia. Kwamba sikuolewa na mtu mbaya, niliolewa na mtu asiyeuliza. Kwamba nachukia kuitwa kwa sauti kutoka chumba kingine kama mbuzi aliyepotea. Kwamba plasta imenikausha mikono hadi naona haya kumpa mtu mkono, na aliye karibu nami hajawahi kuitazama. Wewe ulikuwa hunihukumu. Uliuliza tu, na kila nilipojibu nilihisi nimetua mzigo.

Mume wangu hakuwa na habari na vitabu. Kazi yake ni kusoma mita za maji, na nilizoea kutania kwamba huko ndiko kusoma kwake kulikoishia. Kitabu cha mwisho alichokishika kilikuwa cha alama za barabarani, na nacho hakukimaliza.

Basi utakumbuka nilivyokuandikia, mwaka uliopita, kwamba kuna mtu mpya ndani ya nyumba yangu. Aliacha kuniita kwa mbali. Akinitaka, alinyanyuka akanifuata nilipo. Akaanza kuniuliza leo nimetengeneza meno ya nani, na nikimwambia ya mwimbaji wa kwaya aliyeanguka ngazini, alitaka kujua kama ataweza kuimba tena. Jioni moja alirudi na kopo la mafuta mazito, akavuta kigoda, akanipaka kidole kimoja kimoja kama mtu anayesafisha kitu cha thamani. Nililia, Mkurugenzi. Nilikuandikia pembeni kwamba nimelia, nawe ukanijibu kwamba Mungu hamtupi mja wake. Nikaamini.

Nilimpenda upya. Sioni aibu kuliandika hilo. Nilikuwa nikitoka kazini natembea haraka kama msichana, wenzangu wa karakana wakinicheka kwamba nimekunywa nini. Nilidhani baada ya miaka yote ile ameniona. Mtu akikuona bila kuonyeshwa, nani asingefurahi?

Halafu likaja lile la chuo. Unalijua lote, wewe ndiye uliyelijua peke yako. Walinitaka nikasimamie karakana yao ya mafunzo, katika mji mwingine, nifundishe vijana kazi hii niliyojifunza kwa kuungua vidole. Sikumwambia mume wangu, nilitaka kwanza nijue moyo wangu unasemaje. Nilikuandikia wewe, pembeni mwa kile kitabu cha mwanamke rubani, kwamba nataka kwenda. Nilikwisha kuchagua hata sketi ya kuvaa siku ya kwanza.

Kabla sijapeleka jibu, alinikuta jikoni nachambua mchele. Akaketi sakafuni, mtu mzima yule na suruali yake ya kazi, akaniangalia kutoka chini. Akasema, "Nahisi kama unataka kuondoka. Sikukatazi, wala sikuamrishi. Nakuomba tu ubaki."

Nikaliweka sinia chini. Katika ndoa yetu yote hakuwahi kuniomba kitu. Alisema, aliagiza, alikumbusha, lakini kuomba hakuwahi. Nikawajibu chuo kwamba sitakwenda, na sikujuta. Nafasi wakampa mwingine.

Sasa nifike kwenye kilichonileta. Wiki chache zilizopita taya la plasta la mzee mmoja liliniponyoka mezani likakiangukia kibao. Mzee mwenyewe hana jino hata moja, lakini taya lake liliuma vizuri: kioo kilipasuka pande zote. Nikaenda kwa muuza vifaa, yule dada mwenye miwani kwenye kona ya benki. Kibao cha aina ile hakuwa nacho. Akanipa cha kampuni nyingine, kizuri zaidi hata, nikakinunua kwa haraka, nikarudi nyumbani nikiwa na hamu ya kumalizia sura tuliyofikia. Hakikufungua hata kitabu kimoja.

Nikarudi dukani nimefura. Yule dada hakukasirika, alinivutia kiti. Alinieleza kwamba mafaili ya vitabu si mamoja. Kuna PDF, ambayo ni kama picha ya ukurasa: ukikuza herufi, ukurasa unatoka nje ya kioo, unabaki kuusukuma huku na huku kama mtu anayechungulia tundu la mlango. Kuna EPUB, ambayo maneno yake hujipanga upya yenyewe kufuata ukubwa wa kioo na macho yako, na vibao vingi huisoma. Na kuna mafaili ya duka moja moja, yenye kufuli la duka lenyewe, ambayo hufunguka tu kwenye vibao na programu za duka hilo. Vyetu vyote ni vya aina hiyo. Nikamwambia lakini nimevinunua. Akanijibu kwa upole kwamba nimenunua ruhusa ya kuingia, nyumba bado ni yao, na kwamba mtu huuliza aina ya faili kabla ya kutoa pesa, kama unavyouliza saizi ya kiatu.

Nilijiona nimedanganywa, nikadhani huo ndio udanganyifu wa siku ile.

Akasema nisihuzunike, vitabu vya duka lile vinasomeka pia kwenye simu, mradi niweke programu yao. Akaiweka, nikaandika neno la siri, jina la bweni letu. Ikakataa. Ikasema vifaa vinavyoruhusiwa kwenye akaunti vimetimia, kimoja kitolewe kwanza. Nikamwambia haiwezekani, tuko wawili tu. Akasogeza miwani, akaisoma kwa sauti ile ya kawaida, kama anayesoma bei.

"Mkurugenzi. Nukta. Shemeji. Tumtoe nani?"

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwuliza hicho cha tatu ni kitu gani, akasema ni simu, na imefunguliwa asubuhi ileile. Nikamwuliza, anayesoma kwa simu hiyo anaona nini. Akasema anaona vyote: vitabu, mistari iliyopigwa, na kila neno lililoandikwa pembeni. Halafu akaniuliza kama nataka maji.

Wewe huna shemeji mwingine, Mkurugenzi. Huna dada aliyeolewa, wala shemeji wa upande wa mume. Unaye mmoja tu unayemwita hivyo, na yuko nyumbani kwangu.

Nilimsubiri mlangoni. Sikupiga kelele, nilimwomba simu yake nikaifungua mbele yake, na vitabu vyetu vilikuwa mle vimepangwa kama rafuni. Alijaribu kuniambia ni zawadi alikuwa akiniandalia. Nikamgeuzia kioo cha simu. Akaketi. Akasema siku moja alikupigia kukuuliza mkewe anataka nini, maana aliona ananipoteza na hakujua kwa njia ipi. Akasema wewe ulimjibu kwamba kila kitu kimeandikwa, asome mwenyewe, ukamwelekeza namna ya kuingia. Akasema, "Nilishindwa kukusoma usoni. Nikapewa mahali pa kukusoma." Alisema kama mtu anayetarajia kuhurumiwa, na kibaya zaidi nilimhurumia kidogo.

Nikamwambia angeniuliza. Akasema nisingejibu. Labda ni kweli. Lakini kutokujibu kulikuwa kwangu, kama jino langu mwenyewe, nilitoe au nilibakize.

Nilidhani tumefika mwisho, kumbe bado. Akataka kunituliza, akaropoka lililobaki. Na hili ndilo lililonikalisha leo na kalamu.

Unakumbuka swali uliloniandikia pembeni mwa kitabu cha rubani, nilipokwambia nakwenda chuoni? Uliniuliza: na yeye akikuomba ubaki, kweli utakwenda? Nami nikakujibu kwa moyo mweupe. Nilikujibu kwamba akinikataza nitakwenda, akiniamrisha nitakwenda mbio, lakini akiniomba tu, siku moja tu maishani aniombe, nadhani miguu itaniishia nguvu.

Mume wangu ameniambia swali lile halikuwa lako. Lilikuwa lake. Aliona nimeandika nataka kwenda, akakupigia, akakuomba uniulize, nawe ukaniuliza. Jibu langu akalisoma akiwa kazini, amesimama kwenye ua wa watu mbele ya mita yao. Akaja akaketi sakafuni.

Sikasirishwi sana na yeye. Yeye ni mtu aliyekuwa akizama, akashika alichopewa. Wewe ulikuwa nchi kavu. Ulijua ninachotaka, ulijua naogopa, na ulijua kamba ipo wapi, ukamwekea mwisho wake mkononi. Naamini ulinitakia mema. Hilo ndilo linalonitia baridi, kwamba ulinitakia mema bila kuniambia, kama mtu anayempangia mgeni chumba. Mwaka mtamu kuliko yote ya ndoa yangu uliandikwa na mimi, ukapitishwa na wewe, akaja kunisomea yeye.

Hali yetu sasa ni hii. Niliwapigia chuo. Ile nafasi ina mtu, na ni mtu mzuri, lakini wanahitaji msaidizi wake, wa kufundisha nta na plasta. Mshahara ni mdogo na chumba ni cha kupanga juu ya duka la rangi. Nimekubali. Nilimwambia mume wangu siku hiyohiyo, uso kwa uso, naye hakukataza, hakuamrisha, na safari hii hakuomba. Aliuliza tu kama ninahitaji kusaidiwa mizigo. Sijui kama tutarudiana. Naona na yeye hajui, na afadhali sote hatujui kwa pamoja.

Ya vitabu, nimejitoa mwenyewe kwenye akaunti yako. Vile nilivyonunua nimeviacha humo, sina namna, kufuli si langu. Nimeanza kununua vya EPUB, naulizia aina kabla ya kulipa, na kibao kipya kinavisoma vizuri. Kinaruhusu kuandika pembeni. Bado sijaandika.

Sasa nakuomba jambo moja, na usinijibu kwa simu. Katika maswali yote uliyoniuliza mwaka ule, pembeni mwa vitabu vyote vile, niambie yapi yalikuwa yako. Uliponiuliza kama mama yangu aliwahi kunisifia kazi ya mikono yangu, ulikuwa wewe? Uliponiuliza ninaota nini siku za mvua? Nikilala nayapanga, hili la Mkurugenzi, hili la Shemeji, na sipati mwisho. Kwa upande wa mume, nimekwisha kujua nilikuwa na nani. Nataka kujua kama nilikuwa na rafiki.

Mwambie Mama goti lake lisipigwe na baridi, na mapacha wabusu kila mmoja kwa zamu wasije wakagombana. Majirani wanaonikumbuka wape salamu, na asiyenikumbuka usimlazimishe. Anwani mpya nimeiandika nyuma ya bahasha.

Ni mimi niliyekuwa nikisoma nawe,

Nukta