Nyuzi za Arvell

Jumanne, 3 Februari

Dada Verlene kaniita kwake. Nikavaa kofia nzuri. Mjane anayekaanga kambare namna ile — mtu aende kichwa wazi? Kumbe hakuniitia samaki. Kaniitia magitaa ya besi ya marehemu mumewe.

Jumapili ni mwaka tangu tumzike Arvell Biggs. Kanisa litamkumbuka, na besi yake moja itabaki pale siku zote. Ya pili inakwenda kwa mpwa wake Chicago. Verlene hajui ibaki ipi. Anataka ibaki ile yenye sauti ya mumewe. Nichague mimi, na Jumapili niipige mimi.

"Wewe ndiye uliyemwonea wivu kuliko wote, Ozell. Unamjua."

Nikamwambia wivu gani, nilimshinda hata nikiwa nimelewa. Akasema basi pole, kanisani hakuna pombe. Huyu mama!

Mlangoni akanishika mkono. Nisibadili nyuzi za lile la zamani. Nikacheka. Nani Memphis hii anabadili nyuzi za besi kabla hazijakatika? Jasho la mtu ndilo linalozitia utamu. Zile Arvell alizifunga mwaka aliooa.

Jumatano, 4 Februari

Mvua ya barafu. Nimekaa sebuleni kwangu na magitaa matatu, mawili ya Arvell na langu.

La kwanza nimelibatiza Waziri. Jipya, lina betri mgongoni, linang'aa kama kiatu cha mhubiri. Shingo nyembamba, vidole vinateleza vyenyewe. Kila noti imepigwa pasi. Hotuba nzuri — maana hakuna.

La pili Bibi. Rangi imebanduka pale mkono wa Arvell ulipolalia. Shingo nene, kama kushika mpini wa shoka. Chini ya nyuzi kaweka kipande cha sponji ya vyombo vya Verlene. Sauti fupi, ya mviringo, inakugonga tumboni kwanza, ndipo sikio lipate habari.

La tatu langu, Nyumbu. Zito, kaidi, linakoroma. Nalipiga kwa gumba. Siku zote gumba. Arvell alitumia kidole cha shahada peke yake, akikikunja kama anayemwita mbwa. Tulitukanana juu ya hilo mpaka kaburini. Kwake.

Meno yameniaga, mke kaniaga, magoti yanafunga mizigo. Gumba limebaki. Akilisikia mtu kwenye santuri ya zamani anasema: huyo Ozell Tate. Kingine cha kunitambulisha sina.

Bibi kashinda. Ila sauti ile iko kwenye mbao au kwenye nyuzi? Inaniwasha kama upele.

Alhamisi, 5 Februari

Nimefanya upuuzi. Nimezivua nyuzi za Bibi nikamvika Nyumbu. Kujua tu! Bibi nikampa mpya, akalia kama sufuria iliyodondoka.

Mchana kaja Dewitt, mpiga ngoma wa kanisa. Nikamkalisha uso ukutani, kama desturi yetu, maana macho hudanganywa na rangi. Awataje kwa sikio. Waziri kampatia. Bibi kauliza takataka gani hiyo. Kisha Nyumbu.

Mabega yakampanda. Nikamuuliza kama kalala. Akajibu taratibu, bado anaangalia ukuta:

"Kaka, mwambie Arvell aache."

Akageuka. Hakuangalia gitaa, aliangalia mkono wangu. Nami nikauangalia. Gumba limekaa pembeni kama mgeni. Kinachopiga ni kidole cha shahada. Kimejikunja.

Dewitt kaondoka bila kahawa. Kofia yake iko hapa.

Ijumaa, 6 Februari

Sugu kwenye ncha ya kidole cha shahada. Ngumu, ya njano. Sugu ya hivi huota kwa miaka. Jana haikuwepo.

Nikakifunga kidole kwa kitambaa, nikapiga kwa gumba. Halijui njia. Sitanii. Nyimbo zangu mwenyewe! Nikamshika Waziri. Vilevile. Hata kule kuchelewa kwa Arvell, nyuma kidogo ya ngoma, kama mtu aliyeinama kufunga kamba ya kiatu.

Humu ndani hamna ngoma. Nilikuwa nachelewa nyuma ya nini?

Nyuzi zile kuukuu, zikivuliwa tena zitakatika. Zikikatika, Verlene hatamsikia tena mumewe. Zisipokatika, mimi sijui nitabaki nani.

Jumamosi, 7 Februari

Nilikwenda na Nyumbu kumwambia Verlene ukweli. Alikuwa jikoni, mafuta yanachemka. Nikasema nipige kidogo kwanza, nipate moyo. Akasema piga, nasikia.

Nikapiga. Hata sikuwaza. Nyumba ikawa na joto. Nikaona nimekalia kiti cha Arvell, nakijua kilivyobonyea, na mimi kwa Verlene huwa nakaa kwenye sofa.

"Arvell, punguza, samaki wanaungua," akasema Verlene, hajageuka. Alivyozoea.

Nami nikaitika. "Sawa, Kasuku."

Kijiko kikaanguka. Kaja mlangoni, unga mpaka kwenye viwiko. Akauliza nani kaniambia jina hilo. Hakuna. Sijawahi kulisikia. Akasema Arvell alimwita hivyo wakiwa wawili tu, mlango umefungwa.

Nikamweleza yote — nyuzi, gumba, sugu. Nikamwambia nataka kuzikata. Nilidhani atanifukuza. Akaketi kwenye sofa, mahali pangu, akakishika kile kidole, akaipapasa ile sugu. Muda mrefu.

"Usizikate," akasema. "Piga tena."

Mzaha nilioufikiria ulikuwa mzuri. Nikaumeza, nikapiga tena.

Jumapili, 8 Februari

Chumba cha nyuma, kanisani. Naandika juu ya kitabu cha nyimbo. Kwaya imeanza. Dewitt yuko kwenye ngoma, kanikwepa macho, kofia yake kaichukua. Verlene yuko mbele kabisa, kofia nyeupe.

Nyumbu kalala magotini. Koleo ya kukatia ninayo. Nimeiingiza chini ya uzi mnene mara kadhaa. Kila mara mkono unarudi wenyewe, wa taratibu, kama wa mtu anayemzuia mtoto asiguse jiko. Gumba nalitikisa. Linatikisika, basi.

Kwaya imenyamaza. Viatu vya Verlene kwenye korido, navijua. Kagonga.

"Uko tayari?" kauliza.

Hakutaja jina. Koleo bado iko chini ya uzi. Nangoja ataje, nijue ni nani anayeitika.